Timu ya Mwakitolyo Ziwani

Simu ilimkuta Ndaki ameketi mlangoni, anakohoa. Tangu daktari amkataze kushuka shimoni, mlango ule ndio ulikuwa kituo chake cha kazi. Asubuhi aliwasalimu waliokwenda machimboni, jioni akawatazama wakirudi na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Watu wa Mwakitolyo wana staha kwa mgonjwa. Walimwita kocha, hawakumwita mtu asiye na kazi. Lakini kocha wa timu ya wasichana isiyo na mfadhili, mahali ambapo kila mtu anatafuta dhahabu, ni jina tu. Chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye sufuria za mkewe, Scolastika, aliyepika wali na maharage karibu na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe mchana kutwa.

Aliyepiga simu alijitambulisha kwa jina la Mihayo, mratibu wa tamasha la utalii huko Lukumbi, ufukweni mwa ziwa, mkoani Geita. Alieleza kwamba kuna mpango mkubwa wa kuendeleza ukanda wa ziwa: hoteli, gati la boti za watalii, uwanja wa mpira wenye nyasi, na kituo cha kukuza vipaji vya vijana. Kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya kuandaa tamasha la kuutambulisha mpango huo kwa wawekezaji. Wamesikia kuna timu ya wasichana kutoka machimboni, nao wanaitaka. Usafiri, malazi na chakula vilikuwa juu yao. Halafu akashusha sauti, kama mtu anayempenyezea rafiki siri, akasema kituo kile kitahitaji mwalimu wa mpira, mtu anayewajua vijana wa kanda hii, na mwalimu huyo atalipwa mshahara kila mwezi.

Ndaki alijikuta amesimama.

Scolastika aliporudi jioni na sufuria zake kichwani, aliisikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: hao watu waliiona wapi timu ikicheza? Ndaki akajibu kwamba timu nzuri husikika mbali. Mkewe hakuendelea. Ilikuwa imepita miaka tangu ayaone mabega ya mumewe yamenyooka namna ile, na hakutaka kuwa yeye wa kuyainamisha. Akachukua beseni, akaloweka jezi za bluu ambazo Mamta, mwenye duka la vifaa vya michezo Kahama, aliwapa wasichana kwa sharti moja tu, kwamba wasije wakazivaa kuchimbia.

Ndaki akapita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa kwa wazazi. Wengine walimkatalia mara ya kwanza. Machimboni watu wameona mabinti wengi wakiitwa mbali kwa maneno matamu. Kwa kila mzazi alirudia maneno yaleyale: "Nawapeleka kucheza mpira. Nitawarudisha kama nilivyowachukua." Na kwa kuwa alikuwa anampeleka binti yake mwenyewe, Limi, nahodha wa timu, na mkewe naye alikuwa anafuatana nao kama mlezi, mwishowe wote walikubali.

Basi dogo liliwachukua alfajiri, likapita Kahama kwenye maghala ya mpunga, likapita njia ya Bulyanhulu ambako bodaboda zimejipanga kusubiri wafanyakazi wa mgodi, hadi Geita, kisha likaanza kuteremka. Wasichana waliimba njia nzima. Ziwa lilipotokea, wakanyamaza wote. Wengi wao maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe.

Lukumbi ilikuwa imepambwa. Mahema meupe yalisimama mbele ya uwanja mpya wa nyasi, na ndani ya mahema viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa kama vya harusi. Kulikuwa na mabango makubwa yenye picha ya ufukwe ule jinsi utakavyokuwa, na katika picha hizo kulikuwa na watu weupe wamelala juani, na hapakuwa na mtumbwi hata mmoja.

Mihayo alikuwa kijana nadhifu mwenye miwani ya jua. Alimwamkia Ndaki, "Shikamoo mzee," huku macho yake yakiwa kwenye simu, na hakusubiri marahaba. Akawaongoza nyuma ya mahema, wakapita majiko, wakapita mbuzi waliofungwa wakisubiri kuchinjwa, hadi kwenye kibanda cha maturubai. Ndani mlikuwa na rundo la viatu vya mpira vya machimboni, virefu hadi magotini, vyenye tope, kofia za migodini, makarai na ndoo ya udongo uliokorogwa maji.

Akawaeleza ratiba. Mechi yenyewe itachezwa na timu mbili kutoka mjini. Wao watatoka wakati wa mapumziko. Watavaa viatu vile na kofia zile, watajipaka udongo usoni, watacheza na mpira huku wamebeba makarai kichwani, na atakayeangusha karai atapuliziwa filimbi. Alisema wageni wamechoka kuona vitu vya kawaida. Wanataka kuona maisha halisi ya wachimbaji. Jezi za bluu, akaongeza, zisivaliwe, zitaharibu picha.

Hakuna aliyecheka. Mihayo akadhani hawajaelewa, akaeleza tena, taratibu zaidi, kama anaongea na watoto. Kisha akamshika Ndaki begani, akamkumbusha kwamba wakubwa wanaohusika na kile kituo watakuwa wamekaa mstari wa mbele, akaondoka.

Ndaki aliitazama ile ndoo ya udongo kwa muda mrefu. Hatimaye akawaambia wasichana wachague viatu vinavyowatosha.

Scolastika akamvuta mumewe hadi nyuma ya majiko. Waligombana kwa Kisukuma, wakidhani wamejificha, lakini wapishi karibu wote walikuwa Wasukuma, nao wakakoroga vyungu vyao polepole sana ili neno lisiwapite.

"Baba Limi, hili ulilijua?"

"Sikulijua."

"Sasa umelijua."

Ndaki akasema ni mchezo wa muda mfupi tu. Watu watacheka, watapiga makofi, na kesho hakuna atakayewakumbuka, ila kazi itabaki. Mkewe akamkumbusha alichowaambia wazazi. Akajibu kwamba karai si jeneza, halijawahi kumuua mtu. Scolastika hakuongeza sauti, aliendelea kumtazama tu, na mbele ya macho yale Ndaki akatoa neno ambalo alikuwa amelimeza tangu siku alipoketi mlangoni kwa mara ya kwanza.

"Nimechoka kula jasho lako."

Mpishi mmoja aliacha kukoroga kabisa.

"Mimi sijakuambia nimechoka kukulisha," Scolastika akasema. "Siku nikichoka utasikia kutoka kwangu. Lakini aibu yako usiwalipishe watoto wa watu."

Ndaki akageuka. Limi alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa bado amevaa jezi, lakini mguu mmoja tayari ulikuwa ndani ya kiatu cha mpira, na kingine amekishika mkononi. Alikuwa binti mrefu, mtulivu, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema, kama anavyotulia na mpira mguuni kabla ya kuutoa.

"Nimewaambia wenzangu kocha ndiye anayeamua," alisema. "Ukisema tutoke hivi, tutatoka. Ila nina swali, baba. Tukicheza hivi, tutakuwa tumefungwa na nani?"

Ndaki alikitazama kile kiatu alichokivaa Limi. Kama binti yake angekataa, angeweza kumkaripia. Utii wake ndio uliomshinda. Akainama, akakohoa, akamshika Limi kisigino na kukivua kile kiatu mwenyewe, kama alivyokuwa akimvua viatu akiwa mdogo.

Walimkuta Mihayo karibu na spika kubwa, Ndaki mbele na wasichana nyuma yake wakiwa na jezi zao za bluu, kila mmoja amebeba jozi ya viatu vya tope. Wakavipanga chini, mbele yake, kwa mstari ulionyooka.

Mihayo alianza kwa upole. Ratiba imeshatangazwa, alisema, na wageni wameshaambiwa. Upole ulipokataa, akasema basi chakula chao na malazi yao wavisahau, na basi halitawarudisha mpaka kesho kama ilivyopangwa. Na kuhusu kazi ya kituo, mzee mwenyewe anajua. Akaongeza kwamba hakukusudia ubaya wowote; hata baba yake mzazi alikuwa mchimbaji. Ndaki akamuuliza kama angemvalisha baba yake hivyo mbele ya wageni. Mihayo akaipeleka sikioni simu ambayo hakuna aliyeisikia ikiita.

Ndaki alimsubiri amalize kujifanya anaongea.

"Viatu hivi nimevivaa maisha yangu yote," akamwambia. "Nilivivaa kwa kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa hiki kifua unachokisikia. Sikuvivaa hata siku moja ili nichekwe. Na hawa hawataanza leo."

Kisha akageuka. Wapishi walisimama na miiko yao mikononi wakiwaangalia wakipita. Mmoja wao, mama mtu mzima, alisema kwa sauti ya chini, "Wabeja," yaani asante, na kuendelea na kazi yake.

Hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walikwenda kule mteremko ulikoelekea. Njia iliwafikisha mwaloni, mahali wavuvi wanaposhusha samaki. Dagaa walikuwa wameanikwa kwenye vichanja virefu, waking'aa juani. Scolastika akafungua mfuko wake, akatoa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu alivyovifunga kwa ajili ya safari, akawagawia wasichana, wakakaa chini kutafuna. Ndaki alikaa mbali kidogo, amewapa mgongo. Alikuwa ameipoteza kazi kabla hajaipata, na alikuwa na njaa.

Msichana mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa akaacha reki yake, akaja. Aliitwa Esta. Miguu yake ilikuwa na magamba ya samaki hadi magotini.

"Ninyi ndio wa machimboni mliokataa?" akauliza. Habari ilikuwa imewatangulia, kwa njia ya jikoni bila shaka.

Limi akakubali kwamba ndio wao.

"Sisi hatukualikwa kabisa," Esta akasema. "Na tunaishi mita chache tu kutoka uwanja ule mpya. Tuna timu, tuna mpira, tuna uwanja wetu. Mnaogopa?"

Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi ngumu kati ya vichanja na maji, umeinamia upande mmoja, na kila mpira uliotoka upande wa chini uliishia ziwani. Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wameshazoea. Waliingia hadi kiunoni, wakaurudisha kwa kuurusha, na kuendelea kufua. Wasichana wa Lukumbi waliujua ule mteremko kama wanavyoujua mlango wa nyumba zao. Walisukuma mpira juu, wakauacha ushuke wenyewe, na kabla wageni hawajaelewa wanachofanyiwa, walikuwa wameshafungwa mabao mawili.

Ndaki alisimama. Alianza kupiga kelele, akiwaambia wabane upande wa juu, wasikimbizane na mpira bali wausubiri chini. Kikohozi kikamkata. Akajaribu tena, kikamkata tena, akainama na mikono magotini. Scolastika akaja kusimama kando yake. Bila kuambizana, wakagawana kazi: Ndaki ananong'ona, Scolastika anapaza. Yeye, aliyekuwa na sauti iliyozoea kushindana na makarasha, alisikika hadi kwenye mitumbwi.

"Limi, rudi chini! Blessing, mwache aende, mpira utakuja wenyewe!"

Blessing, mmoja wa washambuliaji, akamwachia beki wa Lukumbi mpira, na mpira ukaja wenyewe. Akaupeleka katikati, Limi akaupokea, akatulia, watu wakadhani amesita, kisha akaupitisha pembeni mwa kipa. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakasimama. Bao la pili la Mwakitolyo lilitokana na kona, na hakuna aliyejua nani hasa aliyeligusa. Mwaloni kulikuwa na kelele ambazo hazikuhitaji spika.

Kule juu, wageni walizisikia. Walianza kuteremka mmojammoja, baadhi na sahani zao mikononi. Walikuja wafanyabiashara wa kutoka Mwanza, wakaja watalii wawili wenye ngozi zilizobabuka kwa jua, wakakaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyewaeleza kwamba wanayoyaona ni maisha halisi. Walishika tu timu, huyu hii, yule ile, kama watazamaji wote duniani.

Mwishoni Esta alifunga la tatu, kwa kichwa, na filimbi ikapulizwa. Lukumbi walishinda mabao matatu kwa mawili. Limi alikwenda kumpa Esta mkono, kisha akaja kwa baba yake, anahema, uso umejaa mchanga na jasho.

"Tumefungwa na Lukumbi," alisema, na alikuwa anatabasamu.

"Nimeona," Ndaki akasema. "Wamewafunga kwa haki. Upande wa juu mliuacha wazi."

Miongoni mwa walioteremka alikuwemo mwanamke mmoja aliyebeba viatu vyake mkononi. Alikuwa Violeth, afisa mipango, mmoja wa waliouandika mpango wa ukanda ule. Aliwauliza wenyeji uwanja huu ni wa nani. Esta akamwambia ni wao, tangu wakati wa mama zao. Violeth akasema ukweli, jambo ambalo angeweza kuliacha: kwenye mchoro, mahali pale walipokuwa wamesimama pameandikwa maegesho ya magari ya hoteli.

Waanika dagaa waliacha reki zao. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

"Basi huo mchoro haujafika huku," Scolastika akasema.

Violeth hakujitetea. Aliwaambia mpango bado haujapitishwa, kwamba utaratibu unataka mkutano wa wananchi kabla ya kupitishwa, na kwamba kwenye mikutano kama hiyo mara nyingi huja watu wachache, wanasinzia, wanakubali. "Njooni wengi," alisema. "Na msije kusikiliza tu."

Usiku ule hakuna msichana wa Mwakitolyo aliyelala nje. Mama zao akina Esta waliwagawana, hawa nyumba hii, hawa nyumba ile, wakawapikia sato na ugali, na asubuhi kila mmoja alipanda basi na kifurushi cha dagaa.

Ndaki alipofika nyumbani alipita tena kwa wazazi, mlango kwa mlango. Hakuwaficha kitu. Aliwaeleza habari ya viatu na ndoo ya udongo, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda fulani alikuwa tayari kukubali. Kisha akawaambia wamefungwa matatu kwa mawili. Baba mmoja, mtu wa maneno machache, alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na kuku, akamkabidhi. Ndaki akauliza ni wa nini. Yule baba akasema ni wa kocha.

Kazi ya kituo alipewa mtu mwingine. Kifua hakikupona, na wali wa Scolastika uliendelea kulisha nyumba. Lakini mlangoni Ndaki hakukaa tena. Ukimtaka baada ya saa tisa, unamtafuta uwanjani. Lukumbi watu walijaa kwenye ule mkutano hadi wengine wakasikilizia madirishani, na Esta alisimama akaeleza habari ya uwanja wao mbele ya wakubwa, hadi mwisho. Mpango ulipotoka, hoteli ilikuwepo, gati lilikuwepo, na maegesho yalikuwa yamesogezwa nyuma. Kwenye mchoro, kati ya vichanja na maji, paliandikwa: uwanja wa kijiji.

Msimu wa mavuno ya mpunga, timu ya Lukumbi ilikuja Mwakitolyo kwa marudiano, juu ya lori lililobeba dagaa. Scolastika alifunga biashara yake siku hiyo, akapika kwa ajili ya wageni, na alipokuwa akipakua, wanawake wengine wakaja na sufuria zao bila kuitwa. Ndaki alichora mistari ya uwanja kwa majivu ya majiko yote ya mtaa. Makarasha yakazimwa moja baada ya jingine, mpaka ikasikika sauti ya upepo, ambayo wengi walikuwa wameisahau. Wachimbaji walipanda kutoka mashimoni, wakazunguka uwanja na viatu vyao vya tope miguuni.

Gari moja la kifahari kutoka Kahama, la mnunuzi wa dhahabu, likashindwa kupita. Mwenyewe akashusha kioo, akautazama umati, akamwita mzee mwembamba aliyekuwa karibu na kona, filimbi shingoni, na kumuuliza hili ni tamasha gani.

"Si tamasha," Ndaki akasema. "Ni mechi."

Kisha akamwomba asogeze gari, kwa sababu tairi la mbele lilikuwa limekanyaga mstari.